Kitufe cha Kushoto

Afisa utumishi alitandika gazeti kwenye kiti kabla ya kumkaribisha Masikio aketi. Alilitandika kurasa mbili, akazilainisha kwa kiganja, ndipo akasema, "Karibu, karibu sana, jisikie uko nyumbani." Ni kweli dawa ya Masikio ilikuwa na tabia ya kuchuruzika kutoka kwenye bandeji, lakini ilichuruzika mkononi, si makalioni. Mkewe, ambaye majirani walimbandika jina la Cherehani kwa ajili ya mdomo wake, ingawa kushona nako ndiko kulikokuwa kazi yake, aliliona gazeti lile akanyamaza. Walikuwa wamekuja na shida, akaona si siku ya kugombania kiti.

"Niende moja kwa moja," alisema afisa. "Ile mashine mpya imeshafungwa. Mna habari?"

Habari walikuwa nazo. Mtaa mzima wa nyumba za kiwanda ulikuwa nazo. Kiwanda kilisafisha mafuta, na mafuta yakishakamuliwa kila kinachouzika, masalia yake mazito yalimiminwa ndani ya matangi marefu kama ghorofa kumi, yakapikwa humo mpaka yakagandamana kuwa bonge moja jeusi. Wafanyakazi waliliita ukoko, maana halikuwa na tofauti na ule unaobaki chini ya sufuria, isipokuwa huu ungejaza malori hamsini. Kuutoa, ilibidi watu waende chini ya tangi na spana, wafungue bolti za kifuniko moja baada ya nyingine, huku wakimwomba Mungu maji yaliyomwagwa juu yawe yameupoza ukoko mpaka kati. Mara nyingi yalikuwa yameupoza.

Miezi saba iliyopita hayakuwa. Masikio aliitwa Masikio kwa sababu aliweza kuegemeza nondo kwenye ubavu wa tangi, akatega sikio upande wa pili, akakwambia kama ndani kumetulia au bado kunatokota. Siku hiyo alisema bado. Msimamizi wa zamu, ambaye wote walimwita Fungua kwa kuwa hilo ndilo neno lililokuwa haliishi kinywani mwake, alisema fungua. Kifuniko kilipolegea, maji ya moto na ukoko vilishuka kwa pamoja juu ya mkono wa kushoto wa Masikio. Na wakati huo mashine ya kufungulia kwa mbali ilikuwa imeshanunuliwa. Ilikuwa ghalani ndani ya masanduku yake, mwaka wa pili huo, ikingoja sahihi ya mkubwa fulani.

"Sasa hakuna tena mtu kwenda chini ya tangi," afisa aliendelea, kwa furaha ya mtu aliyeibuni mashine mwenyewe. "Chini kuna mlango wa chuma unaoteleza. Mtu anakaa juu huko, kwenye chumba cha mitambo, ana kioo, ana kiyoyozi, anabonyeza. Zamani zamu moja ilikula watu wanane. Sasa mmoja tu."

"Na hao saba?" aliuliza Cherehani.

"Mama, hao tutawazungumza siku yao."

Zamu zilikuwa nne, kwa hiyo viti vilikuwa vinne. Vitatu vilishapata wenyewe. Kimoja kilibaki, na majina yaliyobaki mezani yalikuwa mawili: Masikio mwenyewe, na mdogo wa Cherehani, kijana ambaye Masikio ndiye aliyemtafutia kazi pale kiwandani na ambaye alikuwa akilala sebuleni kwao. Atakayepata kiti atabaki na kazi na nyumba. Asiyepata atapewa barua ya shukrani, na mwisho wa mwezi unaofuata arudishe funguo.

"Tutawapa mtihani," alisema afisa. "Ni mdogo. Kuna vitufe viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto. Unavibonyeza vyote kwa mpigo, unavishikilia mpaka mlango umalize kuteleza. Ukiachia kimoja, mlango unasimama hapo hapo. Ni sekunde tisini tu."

"Kwa nini viwili?" aliuliza Masikio. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anafungua mdomo.

"Usalama, ndugu yangu. Mtu ana mikono miwili. Yote ikiwa kwenye vitufe, basi hakuna uliopotelea mahali pabaya."

Masikio aliutazama mkono wake uliopotelea mahali pabaya, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Cherehani akauliza habari ya fidia. Afisa akamwambia faili la fidia liko kwa kamati ya madaktari, kwamba hiyo ni idara nyingine kabisa, na kwamba asichanganye mambo. Kisha akasimama, akanyoosha mkono kumuaga Masikio, akafikiria vingine, akampigapiga begani. Walikuwa hawajaufikia mlango waliposikia gazeti likikunjwakunjwa na kutupwa kwenye ndoo ya taka.

* * *

"Na wewe wamekuita?" Cherehani alimkabili mdogo wake jioni hiyo, uani, kijana akiwa bado na ovaroli mwilini.

"Wameniita, dada."

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia nitafikiri."

"Ufikiri nini? Nani alikwenda kukusimamia ukaandikwa kazi? Nani alikununulia hivyo viatu ulivyovaa?"

"Shemeji."

"Basi kesho nenda ukajiondoe."

Kijana alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kufungua kamba za hivyo viatu alivyonunuliwa. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kwa Cherehani kama angekuwa mbaya. "Dada, tuseme nimejiondoa," alisema. "Tuseme na shemeji ameshindwa. Hicho kiti watamleta mtu wa nje. Sisi tunatoka hapa wote wanne, na mama mkwe wako juu ya mkokoteni. Nikibaki, angalau mmoja wetu anaingia ndani."

Cherehani alimwita mchoyo, akamwita mnafiki, akamwita na majina mengine ambayo mama yao angeyasikia angemchapa. Mwishowe akaapa kwamba mumewe hatashindwa.

Kesho yake akatafuta ubao. Akang'oa springi mbili kutoka kwenye kochi bovu, akazigongomelea kwenye ubao kwa umbali wa kifua cha mtu, akafunika kila moja kwa kifuniko cha kopo la rangi. Masikio akaketi mbele yake kila asubuhi na kila alasiri, kama mwanafunzi. Mkono wa kulia haukuwa na neno. Wa kushoto ulikuwa umekunjamana ngumi isiyofunguka, vidole vitatu vimeungana, na ngozi iliyotolewa pajani na kubandikwa juu yake haikuwa imepata habari kwamba sasa ni ngozi ya mkono. Ilikataa kunyumbulika. Alibonyeza kwa ubavu wa ngumi, akakandamiza kwa bega, na jasho likamtoka kabla ya sekunde ya ishirini.

Kazi ya kuhesabu alipewa mama yake Masikio. Bibi huyo miguu ilishamgomea, lakini sauti yake bado ilitosha kuita mtu wa mtaa wa tatu. Aliketi mlangoni, akahesabu kwa madaha, huku Cherehani akishona dirishani na kutega sikio. Wiki ya kwanza Masikio alifika thelathini. Wiki ya pili hamsini. Wiki ya tatu bibi akapaza sauti, "Tisiniii!" akapiga vigelegele, na majirani wakachungulia. Masikio akatoka nje akawaambia mwenyewe. Hata Cherehani alimpa mumewe mgongo ili asione anavyofuta machozi ya furaha.

Siku mbili baadaye alikuwa anatia uzi kwenye sindano aliposikia mama mkwe wake akisema, "Hamsini na nane, hamsini na tisa, sabini."

Cherehani akaweka sindano chini. "Mama, sitini imekwenda wapi?"

"Sitini ipi?"

"Umetoka hamsini na tisa ukarukia sabini."

"Nimezeeka, mwanangu. Nambari nyingine zinanitoroka."

"Zinakutoroka kumi kwa mpigo?"

Masikio alikuwa bado amekandamiza springi, anasubiri aendelee kuhesabiwa, uso umemvimba kwa uchungu. "Kila tukifika hapo anaanza kulia," mama yake alisema hatimaye. "Wewe uko dirishani na vitambaa vyako, humwoni. Mimi namwona. Nilimzaa mimi."

"Mashine haitamwonea huruma, mama."

"Ndiyo maana nikamwonea mimi."

Masikio akaachia springi. "Kwa hiyo siku ile," aliuliza, "nilishika ngapi?"

Bibi akakiri kwamba alizoea kuruka makumi mawili, la sitini na la themanini. "Sabini," Cherehani akasema. Masikio akauliza majirani sasa atawaambia nini, na mama yake akasema majirani si wao watakaobonyeza. Tangu siku hiyo walihesabu kwa saa ya ukutani, waliyoishusha na kuisimamisha mezani mbele yake, na bibi akaondoka mlangoni kwenda kukaa jikoni asione.

* * *

Siku ya mtihani mkono ulikuwa umeshafika themanini, mara moja themanini na mbili. Hizo nane zilizobaki Cherehani alizitafuta kwa njia nyingine. Alishona glavu. Aliishona kwa kitambaa cha suruali nzito, ndani yake akaficha mpini wa kijiko aliokuwa ameupinda ukakaa sawasawa na ubavu wa ngumi, na kuzunguka kifundo akaweka mkanda wa kukaza. Uzito wa bega ukawa unateremka kwenye chuma badala ya kwenye ngozi. Kwa glavu hiyo Masikio alifika mia moja na ishirini, akasimama mwenyewe kwa kuchoka kutazama saa. Hata mdogo wa Cherehani aliishika, akaigeuzageuza, akasema dada, hii ungeipeleka kwa hao wazungumzaji wa usalama wakuajiri.

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi kama friji. Kulikuwa na injinia kijana, aliyetumwa na wauzaji wa mashine kuja kufundisha. Kulikuwa na Fungua, amekunja mikono kifuani. Kulikuwa na afisa utumishi, na mpiga picha aliyesimamisha kamera yake kwenye miguu mitatu. "Ya kumbukumbu," alisema afisa. Cherehani aliruhusiwa kuingia kwa sababu walitaka pia picha ya familia.

Kijana alianza. Alivibonyeza vitufe viwili huku macho ameyashusha sakafuni, akavishika sekunde tisini kama mtu aliyeambiwa amshikie mwenzake mlango apitishe mzigo. Kwenye kioo waliuona mlango wa chuma ukiteleza taratibu chini ya tangi tupu mpaka ukagota. Hakumwangalia dada yake alipopita kurudi nyuma.

Masikio aliketi. Alikuwa ameshaweka mkono wa kulia juu ya kitufe chake injinia aliposema, "Samahani, mzee. Hiyo ni nini mkononi?"

"Glavu."

Injinia aliigusa, akahisi kitu kigumu, akaomba aione. Cherehani ndiye aliyeifungua mkanda. Fungua aliichungulia ndani na kicheko kikamtoka. "Kijiko! Jamani, mwenzetu amekuja na kijiko! Amesikia kuna chakula." Afisa naye akacheka, kisha mpiga picha. Injinia hakucheka, lakini aliirudisha glavu kwa Cherehani. "Haimo kwenye kitabu," alisema kwa upole. "Kitufe kinabonyezwa na mkono wa mtu. Nikiruhusu hiki leo, kesho mtu ataleta tofali."

"Ni mkono wake huo," alisema Cherehani. "Kilichomo ndani ni mkono wake."

"Mama, tafadhali."

Masikio alimtazama mkewe, na macho yake yalimwambia anyamaze. Akauweka mkono wa kushoto juu ya kitufe, mtupu, uking'aa na kunyweanywea kama kitu kisichotakiwa kuonekana hadharani. Akakandamiza. Saa nyekundu juu ya kioo ikaanza kuhesabu.

Ilipofika thelathini alikuwa salama. Hamsini, bega likaanza kutikisika. Sitini na tano akaanza kunung'unika ndani ya koo, sauti moja iliyonyooka, na Cherehani akajua yale machozi ambayo mama mkwe wake alikuwa akiyaruka. Sabini na mbili ngozi ya paja ikapasuka. Haikutoa mlio wowote. Ilifunguka tu kando ya kidole gumba, na damu ikateremka taratibu juu ya kitufe, ikazunguka ukingo wake, ikadondoka mezani. "Mzee, unaweza kuachia," injinia alisema. Masikio hakumsikia, au hakutaka. Themanini. Themanini na mbili. Cherehani aliomba kwa moyo wote aachie, na kwa moyo huo huo akaomba asiachie, naye hatakuja kujisamehe kwa lile la pili. Tisini ilipotokea, mlango uligota, na Masikio akaendelea kukandamiza mpaka injinia alipomshika kiwiko akamwinua.

Walipiga makofi. Fungua alipiga kuliko wote. "Huyo ndiye Masikio ninayemjua!" alisema. Afisa akaagiza picha nyingine, safari hii karibu kidogo, na injinia akatoa karatasi laini akawa anafuta kitufe.

Nyumbani bibi alipiga vigelegele vya haki, na majirani wakaja wote, hata wale wa zamu waliokosa viti, waliokuwa wanafunga mizigo yao. Masikio alikaa katikati yao, mkono umening'inizwa shingoni, anasimulia.

* * *

Barua zilikuja mbili ndani ya bahasha moja. Cherehani alizisoma amesimama, kisha akazisoma tena ameketi.

Ya kwanza ilitoka kamati ya ajira. Ilimpongeza Masikio kwa moyo wake, ikaeleza kwamba mkono wake umeonekana kutoka damu kwa kufungua mara moja, ilhali kazi inadai kufungua mara nne kwa zamu, na kwa hiyo kamati imeona haufai. Kiti kimepewa mwombaji wa pili. Ya pili ilitoka kamati ya madaktari. Ilisema wajumbe wameziona picha za video za mtihani, zinazoonesha bila shaka yoyote kwamba mkono wa kushoto una uwezo wa kubonyeza na kushikilia kwa muda unaotakiwa na kazi. Kwa hiyo ulemavu haukuthibitika, na ombi la fidia limekataliwa.

Alikwenda utumishi na kanga ya nyumbani na kandambili. Msichana wa mapokezi alimwambia afisa ana mkutano. Cherehani akapita. Afisa alikuwa peke yake, anakula karanga.

"Bwana mkubwa, nisomee hizi. Mimi shule yangu ndogo, huenda nimesoma vibaya."

Afisa alizitazama bila kuzishika. "Umesoma vizuri, mama."

"Hii inasema mkono mbovu. Hii inasema mkono mzima."

"Hizo ni kamati mbili tofauti. Kila moja ina vigezo vyake."

"Kamati mbili, sawa. Mkono ni mmoja! Mume wangu hana mkono wa kamati hii na mkono wa kamati ile."

"Usipandishe sauti. Rufaa ipo."

"Inasikilizwa na nani?"

Afisa alikohoa, akazikusanya karanga zake kwenye kiganja. "Na kamati husika."

"Hizi hizi?"

"Mama, unatakiwa umshukuru Mungu. Kiti hakikutoka nje ya nyumba yenu. Mdogo wako amekipata. Kuna wenzako hawana hata huyo mdogo." Akaita mlinzi amsindikize. Safari hii Cherehani hakuwa ameketishwa popote, kwa hiyo hapakuwa na gazeti la kutupa. Mlinzi, aliyemfahamu kwa kuwa aliwahi kumshonea mkewe gauni, alimfungulia geti bila kumwangalia usoni.

Hakumwambia mumewe maneno ya karanga wala ya mlinzi. Alimwambia tu kwamba ni kweli. Masikio akauliza kama wangeweza kuomba hizo picha za video. Alitaka kuona kama mlango uliteleza vizuri.

* * *

Nyumba ikaandikwa jina la kijana. Alileta fomu nyumbani akaijaza mezani, kwa aibu, kila mstari akiuliza. Kulikuwa na sehemu ya wategemezi. Aliandika dada, akaandika mama mkwe wa dada, kisha kalamu ikasimama.

"Wanataka sababu ya kumtegemea mfanyakazi," alisema. "Kwa kila mtu. Shemeji, kwako niandike nini? Niandike ulemavu?"

"Ulemavu wamekataa," alisema Masikio. "Andika hana kazi."

Kijana aliandika. Alisema chumba cha kulala kibaki chao, yeye sebule inamtosha, na akakataa kabisa kubishana juu ya hilo. Wakaendelea kuishi vile vile, isipokuwa Masikio aliacha kuketi kwenye kiti chake cha mbele sebuleni, na bibi akaanza kumwambia kijana "karibu, baba" kila akirudi, neno ambalo zamani lilikuwa la mwanawe. Ule ubao wa springi Cherehani aliupasua akaupikia.

Wiki ya tano ya kazi, kijana alikuwa na zamu ya mchana. Walikuwa wanakula mapema ili asichelewe, wote wanne, na Masikio akaanza kuuliza habari za mashine. Alikuwa hajauliza tangu siku ya barua. Aliuliza kama mlango unakwama ukoko ukiwa laini. Aliuliza kama maji yakishuka wanayaona kwenye kioo. Kijana, ambaye kimya cha nyumba hiyo kilikuwa kimemchosha, alifurahi akajibu kila kitu. Wiki iliyopita, alisema, tangi lilifunguliwa halijapoa, yakashuka maji ya moto kama mto, yakamwagika yote kwenye shimo, na hapakuwa na mtu hata mmoja chini. "Hata mende hakuungua, shemeji. Ile mashine acha kabisa."

"Ni nzuri," alisema Masikio. "Na mkono haufi ganzi? Mara nne kwa zamu, sekunde tisini tisini."

"Ah, nani anashika?" Kijana alikuwa na chakula mdomoni, anacheka bado. "Tulifunga mpira siku ya pili tu."

Cherehani alimwona mdogo wake akisikia alichokisema. Kutafuna kulisimama.

"Mpira gani?" aliuliza Masikio.

"Ni... kipande cha tyubu. Ya baiskeli."

"Mnafunga nini?"

"Kitufe. Cha kushoto. Kinakazwa kinakaa chini muda wote. Unabonyeza hiki cha kulia peke yake."

"Zamu yako?"

"Zamu zote, shemeji."

"Na injinia?"

"Aliondoka siku ile ile ya kukabidhi."

"Fungua anajua?"

Kijana alitazama sahani yake. "Ndiye aliyeuleta mpira. Alisema hakuna mtu mwenye akili atakayekaa amenyoosha mikono miwili kama anayesulubiwa."

Bibi akauliza wanazungumza nini, maana walikuwa wameshusha sauti. Masikio aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, pale kwenye mwanga, akautazama kama mtu anayetazama chombo alichouziwa kikiwa kibovu. Kando ya kidole gumba mshono mpya ulikuwa bado mwekundu.

"Na huo wako wa kushoto," alimuuliza kijana, kwa sauti ya kawaida kabisa, "wakati huo unafanya nini?"

Macho ya kijana yalijaa maji. "Unashika kikombe cha chai," alisema.

Cherehani alitaka kupiga kelele, alitaka kuipindua meza, alitaka mtu wa kumtukana awe ndani ya chumba kile. Lakini aliyekuwamo alikuwa mdogo wake, kichwa ameinamisha, na machozi yanadondoka kwenye chakula chake. Masikio alikuwa amekwisha kuisogeza sahani ya kijana kwa mkono wa kulia, ikamkaribia zaidi.

"Kula, shemeji," alisema. "Utachelewa zamu."

Cherehani akainuka, akaenda jikoni. Akachemsha maji, akatia majani na sukari, akaijaza chupa ya chai ya mdogo wake kama alivyofanya kila siku ya kazi, akaifunga vizuri isimwagike, akamletea.